Unga wa Spirulina: Kuwa wa Asili Hakuna Maana Umepimwa

Malalamiko ya wanunuzi yanayotufikia ofisini kuhusu unga wa kijani unaouzwa kwa jina la spirulina yameongezeka, na mengi yanafanana: mnunuzi ameletewa mfuko usio na lebo, akaahidiwa kwamba utamaliza kisukari, presha au kidonda cha tumbo.

Spirulina ina thamani, hilo hatulipingi. Ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, japo sokoni huhesabiwa pamoja na mwani mdogo usioonekana kwa macho. (Si mwani unaolimwa pwani ya Zanzibar, tafadhali tusiendelee kuvichanganya.) Ikikaushwa, asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake ni protini. Ina fikosianini, rangi ya buluu inayochunguzwa maabarani kwa uwezo wake wa kukinga seli. Mwani mwingine mdogo, Dunaliella salina, hutoa beta-karotini, rangi ya machungwa, na Haematococcus hutoa astazanthini, rangi nyekundu. Hata heroe wa Ziwa Natron hupata rangi yao ya waridi kutokana na viumbe hawa wanaowala. Lakini kinachoonekana kwenye seli za maabara bado si tiba ya mgonjwa, na anayeacha dawa zake kwa ajili ya unga huu anajiweka hatarini. Vitamini B12 inayotangazwa nayo, sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia.

Kauli ya kwamba "ni ya asili, haina madhara" tunaisikia mno, na si kweli. Utando wa kijani unaoonekana Ziwa Victoria, hasa kwenye ghuba za Mwanza na Winam, mara nyingi una Microcystis, sainobakteria wa aina nyingine, ambayo hutoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika maziwa ya Manyara na Momela, na watafiti walihusisha vifo hivyo na sumu za sainobakteria. Anayechota utando ziwani, akauanika na kuusaga, hawezi kujua kwa macho amevuna nini.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrosistini kuwa mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 anaishia mikrogramu 2.4; mtoto wa kilo 12, mikrogramu 0.48. Tuseme unga una mikrogramu 1 tu kwa gramu. Kijiko cha gramu 3 kimeshamvusha mtu mzima kikomo chake, na kwa mtoto ni zaidi ya mara sita. Akina mama wanaowachanganyia watoto kwenye uji, tunawaomba sana wasitumie unga usiopimwa.

Kwa wauzaji wa Tanzania: tangu Julai 2019 usajili wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kusajili biashara peke yake hakutoshi. Jengo linasajiliwa, na bidhaa nayo inasajiliwa. Sampuli hupimwa vimelea, metali nzito kama risasi na zebaki, na sumu. Lebo ionyeshe mtengenezaji na anwani yake, viambato, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Anayeagiza nje asisubiri mzigo ufike bandarini ndipo aanze kuuliza vibali. Na ukiandika kwamba bidhaa inatibu, hata kwenye kundi la WhatsApp, umeiingiza kwenye sheria za dawa, ambazo usajili wake ni mwingine kabisa. Bidhaa isiyosajiliwa hukamatwa na kuteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, na mhusika anaweza kupigwa faini au kufungwa. "Sikujua" haitazuia hatua hizo.

Ukiwa na shaka na unga ulionao, acha kuutumia, lakini usiutupe. Uuache kwenye mfuko wake uleule, ukiwa umefungwa, uje nao ofisini kwetu pamoja na risiti au ujumbe wa muuzaji. Unga uliohamishiwa kwenye kopo jingine hauwezi kuthibitisha ulitoka kwa nani. Na aliyeona macho ya njano au mkojo mweusi baada ya kuutumia aanzie hospitali, kisha ndipo aje kwetu.