Abesi si "sista mkuu"

Kila ikikaribia tarehe 17 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Hilda wa Whitby, wasifu wake huanza kuzunguka kwenye makundi ya parokia, na karibu kila mara anaitwa "sista mkuu wa shirika", ilhali alikuwa abesi. Safari hii acha niseme.

Abesi ni mwanamke anayeongoza abasia, yaani monasteri. Ukimjua abate wa Peramiho, Ndanda au Hanga, basi abesi ni mwenzake wa kike. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo.

Kinachonikera ni hilo "shirika". Sista mkuu tunayemjua sisi anaongoza shirika lenye nyumba nyingi, huchaguliwa kwa kipindi, na kipindi kikiisha anapangiwa kazi nyingine kama wenzake, pengine anarudi zahanati au darasani. Katika karne ya 7 shirika la namna hiyo halikuwepo. Kwa kawaida monasteri ilijitegemea: ardhi yake, mifugo yake, kanuni yake. Na abesi kwa kawaida alikaa kwenye kiti chake mpaka anazikwa. Kwa mamlaka, mwanamke kama Hilda alikuwa jirani wa chifu kuliko wa sista mkuu.

Hata kwa damu alikuwa hivyo. Alizaliwa mwaka 614 katika ukoo wa mfalme Edwin wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza ya leo. Baba yake, Hereric, aliuawa kwa sumu akiwa uhamishoni, Hilda akiwa bado mtoto mchanga. Mwaka 627, sikukuu ya Pasaka, alibatizwa pamoja na mfalme mjini York. Utawa aliuanza akiwa na miaka 33, mtu mzima kabisa. Alitaka kuvuka bahari kwenda Gaul, yaani Ufaransa ya leo, lakini askofu Aidan akamwita arudi nyumbani, akapewa kipande cha ardhi cha kutosha kaya moja kando ya mto Wear. Baadaye akaongoza monasteri ya Hartlepool, na mwaka 657 akaanzisha ile ya Whitby, juu ya majabali yanayotazama Bahari ya Kaskazini. Safari hii ardhi ilikuwa ya kaya 10.

Sasa hapa ndipo wengi wanaposhtuka: Whitby walikaa watawa wa kiume na wa kike, wote chini ya Hilda. Haikuwa ajabu ya mahali pamoja. Gaul nako nyumba za aina hiyo zilikuwepo. Beda, mmonaki aliyeandika historia ya Kanisa la Waingereza na kuikamilisha mwaka 731, anawataja wanaume watano waliosoma Whitby kisha wakawa maaskofu. Mmoja wao ni Yohane wa Beverley, ambaye naye ni mtakatifu.

Mkasa wa Cædmon unaonyesha mamlaka hayo yalivyofanya kazi. Cædmon alikuwa mchunga ng'ombe wa monasteri, mtu mzima asiyejua wimbo hata mmoja. Kwenye karamu, kinubi kilipokuwa kikipokezanwa na kumkaribia, alikuwa anainuka na kuondoka. Usiku mmoja, amelala zizini, akaota anaamriwa aimbe habari za uumbaji, na akaimba. Asubuhi akamweleza msimamizi wake, naye akampeleka kwa abesi. Hilda hakumpigia makofi. Aliita wasomi wamsikilize, akapewa kifungu kitakatifu akigeuze kuwa wimbo, akaenda nacho. Kesho yake alirudi na shairi zuri. Ndipo Hilda akamwagiza aache maisha ya kidunia, akampokea kati ya ndugu wamonaki na kuamuru afundishwe historia takatifu yote. Mwanamke anampima mwanamume, anampokea utawani, anampangia masomo, na hakuna anayeuliza kwa idhini ya nani.

Mwaka 664 mfalme Oswiu aliitisha sinodi humo humo Whitby kuamua tarehe ya Pasaka. Hilda alisimama na Waeire, yaani watu wa Ireland, waliofuata desturi ya Aidan; mfalme akaamua upande wa Roma. Upande wake ulishindwa, kiti chake hakikutikisika. Alikufa mwaka 680, baada ya kuugua miaka sita, na waliomrithi walikuwa Eanflæd, mjane wa mfalme huyo huyo, na binti yake Ælfflæd. Hivyo ndivyo cheo kilivyokuwa na uzito.

Wapo pia wanaokosea kwa kuvuka upande wa pili: wakishasikia kwamba aliongoza wanaume, wanamfanya padre, au hata askofu. Hapana. Abesi hakuwa na daraja takatifu. Misa iliadhimishwa na mapadre, hata Whitby. Alichokuwa nacho ni uongozi, na uongozi na daraja ni vitu viwili, ingawa kwetu tumezoea kuviona kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mwaka huu ukituma wasifu wake, andika "Hilda, abesi wa Whitby". Ukiona wasomaji watakwama, ongeza "mkuu wa monasteri ya wanaume na wanawake". Hiyo "shirika" ifute tu. Wanashirika wenyewe utawakosa ukiwatafuta.