Scarface hakuanzisha Geto Boys

Wapenzi wengi wa hip hop husema rapa Scarface ndiye mwanzilishi wa Geto Boys, kundi la Houston, Texas. Sivyo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1988, na sauti ya Scarface haimo kabisa. Kundi lilikuwa chini ya lebo ya muziki ya Rap-A-Lot ya James Prince, na Prince ndiye aliyelisuka upya: akamleta Scarface pamoja na Willie D, na Bushwick Bill, aliyeanza kama mnenguaji, akashika maiki. Albamu ya 1989 ndiyo ya kwanza kwa Scarface. Kosa linaeleweka, maana uandishi wake ulikuwa mzito mno. Ila waliomtangulia, akina Sire Jukebox na Prince Johnny C, nao wanastahili kutajwa.