Mzunguko wa RPG ni nini?

Katika lugha nyingi za kompyuta, mwandishi wa programu huagiza kila kitu mwenyewe: fungua faili, soma rekodi, piga hesabu, chapa, rudi juu, zikiisha funga. RPG (Report Program Generator, yaani kitengeneza programu za ripoti), lugha ya IBM iliyotoka mwaka 1959 kwa ajili ya kompyuta ya 1401, ilikuja na kazi hizo zikiwa zimo ndani yake. Mwandishi anataja faili, hesabu na sura ya ripoti tu. Mpangilio huo ndio unaoitwa mzunguko.

Chimbuko lake ni mashine za kujumlisha kadi zilizotobolewa. Kadi ikipita, mashine inazunguka mara moja. Waliozoea kuziunganisha nyaya wakapewa lugha yenye mwendo uleule.

Kila duru huenda hivi: chapa vichwa na mistari ya rekodi iliyotangulia, soma rekodi mpya, angalia kama kundi (tuseme rekodi za mteja mmoja) limebadilika, piga na chapa jumla, kisha hamisha data ya rekodi mpya kwenye sehemu zake (nafasi zenye majina ambazo hesabu husoma) na ufanye hesabu za rekodi hiyo. Ndiyo, kuchapa kunatangulia kusoma, na hapo wageni wengi hukwama.

Lakini utamu uko kwenye jumla. Tuseme mteja 100 ana mauzo mawili, 40 na 60, halafu inafuata rekodi ya mteja 200 yenye 25. Mzunguko unaisoma hiyo ya tatu, unaona namba ya mteja si ileile, unawasha kiashiria L1, swichi ya ndani inayosema kundi limebadilika. Jumla inachapwa: mteja 100, mauzo 100. Mbona haikuandika 200? Kwa sababu rekodi mpya imeshasomwa ila data yake haijahamishwa. Sehemu zote bado zina habari za mteja wa zamani. Katika lugha nyingine ungelazimika kuitunza namba ya awali kwa mkono wako, na makosa ya hapo hayaishi.

Faili kuu, ile ambayo mzunguko huisoma wenyewe, ikiisha, kiashiria LR (cha rekodi ya mwisho) huwaka chenyewe pamoja na L1 hadi L9, viashiria vya ngazi zote za makundi, hivyo jumla za mwisho hazipotei, kisha programu inafungwa. Siku hizi wengi huandika RPG bila faili kuu, wakasoma rekodi kwa amri zao. Mzunguko bado upo chini kwa chini: usipowasha LR wala kurudi kwenye programu iliyoiita yako, hesabu zako zinaanza tena kutoka juu.