Kobe wako hajalala, anaumwa

Kobe wangu hajala siku kumi. Si ni kawaida yake?
Hapana. Mimi natibu wanyama hapa Bukavu, na jibu hili nalirudia mpaka koo linakauka. Watu wanasema kobe ni mvumilivu, hafi njaa. Kweli hafi upesi, na hapo ndipo penye hatari: anaumwa kimyakimya, na siku unapomwona amelegea, ugonjwa una majuma ndani yake. Akiacha kula siku tatu, mlete. Tafadhali, usingoje ya kumi.

Lakini kobe si hulala msimu mzima?
Wapo wa porini, hata upande wa Katanga, wanaojichimbia wakati wa kiangazi. Wanaingia ardhini wakiwa wanene, wana afya. Wako yuko juu ya sementi nyuma ya jiko, macho yamevimba, pua inatoa mapovu. Huyo hajalala.

Anaumwa nini basi?
Mara nyingi ni baridi. Kobe hajitengenezei joto, huliota juani. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku sementi inamnyonya joto tumboni. Mwili ukipoa, chakula hakisagiki na kinga inashuka, kisha mapafu yanashikwa. Utamwona ananyoosha shingo na kufungua mdomo akitafuta hewa. Huyo aje leo, si kesho baada ya soko.

Gamba likibonyea, amekosa jua na kalisiamu, madini ya kukaza mifupa. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii.

Nimfanyie nini kabla ya kumleta?
Mtie joto. Chukua karatoni, tandika majani makavu, weka bidoni (dumu) ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu, ili akizidiwa asogee. Tafuta nyuzi 28 hadi 30. Mchana muweke ndani ya beseni ya maji vuguvugu yanayoishia chini ya kidevu, dakika 15 hadi 20. Kobe wengi hunywa hapohapo. Umeme ukikatika usiku, amka ubadilishe maji ya bidoni.

Nimpe dawa ya minyoo ya mbuzi?
Usimpe! Ivermektini, dawa ya minyoo wanayodungwa mbuzi, inaua kobe, hata ikiwa kidogo. Inapooza misuli mpaka pumzi inakatika. Mama mmoja aliniletea wake ndani ya beseni, miguu inaning'inia, shingo haishikiki. Jirani alikuwa amemdunga "kidogo tu". Kobe yule hakupona, na alikuja akiwa na mafua tu ya kutibika.

Unga wa kapsuli za amoksisilini (antibiotiki) mliobakiza nyumbani, usimpe. Uji na maziwa, usimmiminie mdomoni: vinaingia mapafuni. Na foufou (ugali) si chakula chake hata akiwa mzima. Mpe nyasi na maua ya hibiskasi.

Anaweza kuambukiza watoto?
Ndiyo. Hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuonyesha dalili. Nawa kwa sabuni kila ukimshika, wa chini ya miaka mitano wasimguse, na beseni lake lisioshewe sahani.

Ameota jua, ameanza kula. Bado nimlete?
Pua ikiwa bado ina ute, ndiyo, leo. Joto limemwamsha, halijamponya mapafu. Mpime kwenye mizani ya duka, andika gramu, uje na karatasi hiyo.