Kuzidua dawa kwa kiyeyushi: pH kwanza

Anayeletewa sampuli ya krimu ili apime dawa iliyomo lazima kwanza aizidue, yaani aitoe dawa kwa kuihamishia kwenye kiyeyushi, na huanza na swali moja: nitumie kiyeyushi gani? Mimi huanza kwingine. Dawa yenyewe ni asidi au besi, na pKa yake (pH ambapo nusu ya molekuli zake zina chaji na nusu hazina) ni ngapi?

Chukua ibuprofeni. Ni asidi dhaifu, pKa yake karibu 4.5. Kwenye maji yenye pH 7, karibu molekuli zake zote zina chaji hasi, na chenye chaji hung'ang'ania maji. Mimina daikloromethani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, tikisa mpaka mkono uchoke, sehemu ya dawa itabaki majini. Sasa shusha pH hadi 2 kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Chaji inaondoka, dawa inahamia kwenye kiyeyushi. Kwa dawa za asidi naishusha pH angalau namba mbili chini ya pKa. Kwa besi kama amitriptilini, yenye pKa ya 9.4 hivi, napanda mbili juu. Hapo takriban asilimia 99 ya dawa haina chaji.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba unaweza kuirudisha dawa majini. Daikloromethani iliyobeba ibuprofeni imebeba pia mafuta ya krimu. Itikise na haidroksaidi ya sodiamu iliyozimuliwa, ambayo ni besi: ibuprofeni inarudi majini ikiwa chumvi, mafuta yanabaki. Kisha tia asidi, uzidue upya. (Ethaili asetati, kiyeyushi kingine, siiweki kwenye hatua ya besi, kwa kuwa besi kali huivunja.) Ila krimu nyingi zina asidi ya steariki, asidi ya mafuta, nayo huifuata ibuprofeni, tena ikikutana na besi inageuka sabuni.

Sabuni hiyo ndiyo inayoleta balaa. Katikati ya matabaka mawili linazuka la tatu, jeupe, zito kama ute wa yai, na dawa imenaswa humo. Kutikisa zaidi kunaliimarisha tu. Igeuze faneli ya kutenganishia (chombo cha kutikisia chenye kizibo juu na koki chini) taratibu tangu mwanzo, ukifungua koki mara kwa mara mdomo wake ukielekea mbali na watu, maana daikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 za Selsiasi na mvuke wake unaweza kurusha kizibo. Ute ukishatokea, ongeza chumvi ya kawaida, subiri; ukikaidi, peleka kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili matabaka yatengane.

Usimwage kiyeyushi chote mara moja. Tuseme dawa inapenda kiyeyushi mara tatu kuliko maji, na una mililita 30 za maji. Mililita 30 za kiyeyushi kwa mkupuo mmoja zitatoa asilimia 75. Zigawe kumi kumi mara tatu, utatoa 87.5. Kiyeyushi ni kilekile.

Kabla ya kuamini matokeo, chukua krimu isiyo na dawa, tia kiasi unachokijua, uizidue vilevile. Nafurahia kuipata tena asilimia 80 ya nilichotia, isiyoyumba, kuliko 98 leo na 70 kesho. Pia tia kemikali ya kulinganishia, inayofanana na dawa kitabia, mwanzoni kabisa, kabla hata ya asidi. Ukiitia mwishoni, haitakuambia lolote kuhusu dawa iliyopotelea kwenye faneli.