Nyota mlangoni zina faida gani kwa mwenye nyumba ya wageni Mtwara?

Mama mmoja wa Mikindani, mwenye nyumba ya vyumba vitatu anayopangisha wageni wa mapumziko, aliniuliza swali ninalolisikia karibu kila tunapofanya mafunzo huku kusini: "Mwalimu, nikijiunga na bodi ya utalii nikapewa nyota, wageni watakuja?" Nilimwambia hawatakuja kwa sababu hiyo peke yake. Kisha nikamwomba akae tuzungumze, maana ndani ya swali lake mlikuwa na mambo matatu, na kila moja lina ofisi yake.

Kuna leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayelaza watalii awe na leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA. Hilo halina mjadala. Kuna uanachama, na hapa wengi hukosea: Bodi ya Utalii Tanzania (TTB) si chama cha wenye nyumba, kazi yake ni kuitangaza nchi. Wenye hoteli wana chama chao, na ukijiunga unalipa ada. Halafu kuna nyota, 1 hadi 5, ambazo hutolewa baada ya ukaguzi wa Wizara ya Maliasili na Utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vigezo hivyo havihusu hoteli kubwa tu. Nyumba ndogo za mapumziko nazo zimo.

Sasa tuwatazame wageni wenyewe. Ukikaa mapokezi ya gesti yoyote Mtwara mjini kuanzia Oktoba, wakati minada ya korosho imepamba moto, utawaona wanunuzi, madereva wa malori na watu wa maghala. Miezi mingine ni mafundi wa gesi wanaokwenda Madimba na Msimbati, wa kiwanda cha saruji, au maofisa waliokuja semina. Hawa hawaulizi nyota. Wanauliza kama maji yanatoka, kama kuna feni, gari litalala wapi, na kama watapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kurudishiwa fedha kazini. Kwa nyumba inayoishi kwa wageni hao, nyota haitaongeza hata usiku mmoja, na simshauri mtu akope kwa ajili yake.

Mgeni wa mapumziko ni mwingine. Amekuja kutembea vichochoro vya Mikindani, mji ambao Livingstone aliupitia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, au kupiga mbizi katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, au yuko njiani kwenda Kilwa Kisiwani. Akijitafutia chumba mwenyewe kwa simu, husoma maoni ya waliolala kabla yake. Akiletwa na wakala aliye mbali ambaye hajawahi kufika Mikindani, hapo nyota inafanya kazi, kwa kuwa wakala anahitaji uthibitisho wa mtu mwingine kabla ya kupeleka wateja wake. Hata Uingereza, ambako kupimwa kwa nyumba za mapumziko ni hiari na mmiliki hulipia, hesabu ni hiyohiyo: ni mgeni gani atakayekurudishia ada hiyo?

Faida ninayoithamini kuliko zote haionekani mlangoni. Ni vile vigezo vyenyewe. Mkaguzi anaangalia njia ya kutokea moto ukizuka, usafi wa jiko, choo, shuka, taa za nje, na namna mgeni anavyopokelewa. Ni macho ya mgeni yaliyowekwa kwenye karatasi. Omba vigezo hivyo kwa ofisa utalii wa halmashauri yako, ujikague kabla hujafikiria kuomba nyota.

Uanachama nao upime kwa matumizi. Kama hutahudhuria mikutano, hutapeleka picha za nyumba yako kwenye maonesho, wala hutapaza sauti tozo zinapojadiliwa, ada yako imepotea. Wenye nyumba tano sita za Mikindani wakienda pamoja, watasikilizwa zaidi ya mmoja anayekwenda peke yake.

Yule mama tulizunguka naye nyumbani kwake siku hiyo. Leseni alikuwa nayo. Kizimamoto hakuwa nacho, na dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na nondo zisizofunguka. Aliniambia nyota zisubiri, akampigia simu fundi wa kuchomelea.