Je, wajua kwa nini wavuvi wa Ziwa Kivu wanabanana kwenye maji yenye kina cha mita 485?

Ukisimama Kituku, bandari ndogo ya Goma, mashariki mwa Kongo, ukatazama kusini, Ziwa Kivu halionyeshi mwisho. Lina takriban kilomita za mraba 2,370, na penye kina kirefu kabisa linafika mita 485. Ndiyo maana watu wakisikia wavuvi wanavutana na wenye mitambo ya kuchota gesi iliyomo kilindini, au boti za doria, huuliza: maji yote haya, mnagombania nini? Gesi iko chini, samaki wako juu, si kila mtu abaki kwake?

Swali hilo limesimama juu ya dhana kwamba ziwa lote ni la samaki. Sivyo. Oksijeni inashuka hadi mita 60 hivi, au 70 wakati wa kiangazi upepo unapokoroga maji. Chini ya hapo samaki haishi: maji yamejaa kabonidioksidi, methani na salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Mvuvi wa Goma, Bukavu au kisiwa cha Idjwi hana ziwa la mita 485. Ana tabaka jembamba la juu, na humo humo kuna mitumbwi, meli za abiria na mpaka wa nchi mbili, Kongo na Rwanda. Hata tabaka hilo zamani halikuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa. Sambaza, samaki wadogo mfano wa dagaa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga ya nyumba nyingi zisizomudu nyama.

Kwa nini maji ya juu na ya chini hayachanganyiki? Fikiria glasi ya chai iliyotiwa sukari nyingi bila kukorogwa. Utamu mzito unatulia chini, chai nyepesi inabaki juu. Katika Kivu, kazi ya sukari inafanywa na chumvi na kabonidioksidi zinazoletwa na chemchemi za chini ya ziwa, katika nchi hii ya volkeno. La ajabu ni kwamba maji ya chini yana joto kuliko yaliyo juu yake. Joto lingetakiwa kuyapandisha, lakini uzito wa chumvi na gesi unayashikilia palepale. Ndivyo takriban kilomita za ujazo 60 za methani, gesi inayowaka, zilivyofungiwa humo, pamoja na karibu 300 za kabonidioksidi.

Kuichota methani, bomba hushushwa zaidi ya mita 300. Maji yakianza kupanda, mgandamizo unapungua, viputo vinatokea, na viputo vyenyewe vinayasukuma maji juu. Pampu ni ya kuanzisha tu. Juu, methani inatenganishwa. Wengi huishia hapo, kumbe maji yale hayajaisha kazi: lazima yarudishwe ziwani. Yarudi kina gani? Kwa mvuvi, hilo ndilo swali lenyewe. Ukivuta chai ya chini kwa mrija ukaimwaga juu, glasi nzima inabadilika. Vivyo hivyo, maji ya kilindini yakitolewa karibu na tabaka la samaki yanaleta salfidi, na pia fosfati na amonia zinazorutubisha mwani. Mwani ukifa na kuoza unakula oksijeni. Yakirudishwa mbali chini, sambaza wanaweza wasiguswe. Basi si kweli kwamba gesi lazima iue samaki, wala si kweli kwamba haiwezi kuwafikia.

Kiwanda cha KivuWatt, upande wa Rwanda, kinazalisha megawati 26 za umeme kwa methani hiyo tangu 2016. Hicho ni kidogo kwa ziwa la ukubwa huu, na matabaka hubadilika polepole sana, kwa hiyo mimi nisingekichukua kuwa ushahidi wa namna mitambo mingi itakavyoliacha ziwa.

Kisha kuna usiku. Mchana sambaza wanashuka. Giza likiingia wanapanda wakifuata chakula, na taa huwavuta. Ndiyo sababu ekipe za mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu hutoka jioni, na hupenda siku zisizo na mbalamwezi. Mkubwa yeyote anayepiga marufuku kuwa ziwani usiku kwa ajili ya usalama hajapunguza saa za kazi. Ameifunga kazi yote. Na katika giza hilo mpaka wa Kongo na Rwanda hauna alama ya kuonekana majini. Wavu unaokokotwa na upepo hauujui.

Mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 3 vya gesi upande wa Kongo: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Jukwaa la gesi linahitaji eneo la usalama kulizunguka, ambamo nyavu haziingii. Mkataba wowote utakaowekwa mezani unapaswa kusomwa mbele ya wavuvi na akina mama wauza sambaza, ukurasa kwa ukurasa, nao wapewe majibu mawili kwa maandishi: maji yatarudishwa mita ngapi, na nani atakayeyapima.